Wifi, Uwanja Wetu Ulikuwa Umeinama

Wifi yangu Skola,

Shikamoo. Leo usiponijibu sitakulaumu, maana sababu unayo. Zamani ulikuwa hujibu kwa makusudi. Unanitazama juu mpaka chini, unaendelea kupepeta mahindi yako, nami naingia ndani nimevimba, namwambia Gervas, "Dada yako amenipita tena kama kisiki." Naye anasema, "Mngoje jioni." Kweli, jioni unasukuma mlango kwa kiwiko, bakuli la maharage mkononi, ndipo unajibu salamu ya asubuhi. "Marahaba. Una nini wewe, mbona umenuna?"

Nakuandikia waziwazi, anayetaka kusoma asome, kwa sababu tangu tukuzike watu wameanza kukusimulia, na wengi wanakusimulia kombo. Si kwa ubaya. Wanakupenda. Lakini mimi nimekaa nawe ua mmoja, tumechekana, tumenuniana, watoto wako na wangu wamelala mkeka mmoja. Acha niseme ninayoyajua.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa bibi harusi, nimetoka Mpepai, bado natembea nimeinamisha kichwa kama mashangazi walivyoniagiza. Ukanikuta natoka kisimani na ndoo kichwani. Hukuniuliza hali. Ulinirushia mpira, nami nikaiachia ndoo nikaudaka. Maji yote chini. Mama mkwe akafoka, wewe ukasema, "Mama, mwache. Huyu ana mikono." Jioni ile ile ukanipeleka uwanja wa netiboli, ukanifunga kifuani kile kitambaa cha kijani kilichoshonwa herufi za GS, ukaniambia kazi yangu ni moja tu, kutia mpira kwenye pete. Mengine niwaachie wenye miguu.

Sijui kama niliwahi kukwambia kitambaa kile kilikuwa nini kwangu. Nyumbani kwenu nilikuwa mke wa Gervas, mkwe wa mama, baadaye mama Kastori. Majina hayo yote nilipewa kwa ajili ya mtu mwingine. Uwanjani walikuwa wanaita, mpe Kandida, mpe Kandida, na hakuna aliyenipa mpira kwa sababu ya mume wangu. Mwanamke una watoto wanne, mgongo umeshiba jembe tangu alfajiri, halafu jioni wenzako wanakuangalia wewe uwaokoe, na unawaokoa. Kitu hicho sikukipata mahali pengine popote, na nilikusudia kukishikilia mpaka meno yaning'oke.

Na tulikuwa wakali, tusifichane. Kwenye uwanja wetu pale nyuma ya shule hakuna timu iliyotutoa jasho. Waje wa Kingerikiti, waje wa mjini, walikuwa wanarusha mpira kama watu waliofungwa macho. Shida yetu ilikuwa ziwani. Kila tulipoteremka Mbamba Bay tulirudi tumefungwa, na si kidogo. Mimi niliyekuwa nafunga nyumbani huku nazungumza na watazamaji, kule nilikuwa narusha mpira unapita juu ya pete mpaka kwa watu wanaokula mihogo yao. Upande wa pili nikirusha, mpira hata haufiki. Sababu tulikuwa nayo, tena tulikuwa na hakika nayo: Wanyasa wanafukia dawa mchangani. Mama Berita alichimbua chini ya nguzo kwa kijiti akatoa kipande cha wavu uliooza, tukarudi milimani tunatangaza kwamba ushahidi umepatikana. Kipande cha wavu, wifi, kwenye ufuko wa wavuvi.

Halafu ikaja miaka ya wanunuzi binafsi. Zamani kahawa yetu ilikuwa na njia moja, unaipeleka kwenye ghala la chama cha msingi, inapimwa, unangoja. Chama ndicho kilichokuwa kinatupa lori la kwenda kwenye mechi, na mpira, na siku za neema sukari ya chai. Sasa magari ya watu binafsi yakawa yanapanda mpaka uani kwa mtu, yanachukua kahawa juu ya waya haijakauka vizuri. Ghala likabakiwa na panya. Hayo tungeyavumilia, lakini kampuni moja ya mjini ikaona kununua kahawa peke yake hakutoshi, ikaunda na timu yake ya netiboli. Wakaja na gari, wakamchukua senta wetu na walinzi wetu wawili, wakawapa kazi ya kuchambua kahawa na khanga mpya juu. Waliondoka kama waliokwenda sokoni. Hakuna aliyeaga.

Watu wote walisema timu imekufa. Wewe kocha wetu ulikaa juu ya kinu ulichokilaza, unatafuna muwa, ukasema, "Walioondoka wameondoka. Tunapanga upya."

Nikakuuliza unapanga na nani.

"Na walioko uani kwangu."

Uani kwako alikuwepo Estela. Odilo, mdogo wenu wa mwisho, alikuwa amemwoa kule kule Mbamba Bay, binti mrefu, mweusi wa kung'aa, anacheka kabla hujamaliza neno. Mama alikuwa hamtaki. Binti alikuwa hajui kuchimba ngoro. Yale mashimo yetu ya mteremkoni, ambayo mtoto wa Kimatengo anayajua kabla hajajua kusali, yeye aliyachimba kama makaburi ya kuku. Halafu kila siku anaulizia usipa, kana kwamba dagaa wa ziwa wanaota kwenye mibuni. Mimi sikuwa na neno naye, mke wa shemeji yangu, mtoto mdogo, nilimwonea huruma. Sikujua amekuja kunichukulia nini.

Siku uliyomleta uwanjani nitaikumbuka mpaka nikufuate. Alisimama katikati, akageukia huku, akageukia kule, akauliza kwa adabu kabisa, "Dada, sasa uwanja wenyewe uko wapi?"

"Ndio huu."

"Huu mbona umeinama?"

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Uwanja wetu umeinama. Uwanja ambao Katibu wa tawi mwenyewe aliupima kwa kamba na kijiji kizima kikausawazisha kwa majembe. Wifi, sisi tumezaliwa kwenye vilima ambako mbuzi wanatembea wameshika breki. Pale nyuma ya shule ndipo palikuwa mahali petu tambarare. Ndipo tulipowapeleka watoto wajifunze kutembea. Ni kweli mpira ukiuacha ulikuwa unaondoka wenyewe mpaka kwenye mibuni ya mwalimu mkuu, lakini tulidhani ndiyo tabia ya mpira.

Estela akarusha, akakosa. Akarusha tena, akakosa. Akahamia pete ya upande wa pili, akakosa vilevile. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, nikasema hiki ndicho kifaa kipya tulicholetewa. Wewe hukucheka. Ulikwenda nyumbani, ukarudi na karai la maji kichwani, ukaliweka katikati ya uwanja, ukasubiri maji yatulie. Upande wa mibuni yakagusa ukingo. Upande wa shule ukingo ukabaki mkavu, vidole vyote vya mkono vingeenea. Tulilizunguka karai lile kama watu wanaotazama maiti. Katibu akaitwa. Akainama, akalitazama, akasema, "Karai lako limepinda." Ukaligeuza upande mwingine, maji yakarudi vilevile kwenye mibuni. Akainuka, akasema, "Maji ya siku hizi," akaondoka zake.

Ndipo tulipoelewa, na mimi kuliko wote. Miaka yote ile nilikuwa na mirusho miwili. Nikifunga pete ya upande wa shule narusha kwa kupandisha, nikifunga ya upande wa mibuni narusha kwa kuteremsha. Wa katikati sikuwa nao, kwa sababu sikuwahi kuuhitaji. Hakuna mtu aliyefukia kitu mchangani. Sisi tulikuwa tunateremka ziwani na mteremko wetu mikononi.

Wewe ulikuwa mtu wa kulala na jambo hadi asubuhi, kisha unaamka nalo limeshaisha. Kulipokucha ulikwenda kwa meneja wa chama kuomba funguo za ghala. Alikupa bila maswali, maskini, alifurahi kuona mtu bado ana haja na ghala lake. Sakafu ya saruji, iliyonyooka, paa liko juu, na harufu ya kahawa ya miaka yote imeng'ang'ania ukutani. Odilo akapigilia pete kwenye nguzo. Ukatuita mimi na Estela tusimame mstari mmoja.

Nilirusha wa kupandisha, ukapita juu. Nikarusha wa kuteremsha, ukaanguka miguuni pa nguzo. Nikajaribu kukisia wa katikati na mikono ikakataa, kama ya mtu anayejifunza kuandika. Estela alifunga. Akafunga akicheka, akafunga akijikuna shingo, akafunga huku anamuuliza mtu habari za chumvi. Mwaka ule mashindano ya wilaya yalikuwa kule ziwani, nawe ulikuwa umeapa kushinda kule kabla goti lako halijakukatalia kabisa. Ulikuja nyuma yangu. Ukafungua kamba za kitambaa mgongoni mwangu wewe mwenyewe, polepole, ukaenda ukamfunga Estela. Nami nikatoka.

Nilikuchukia, wifi. Nasema wazi kwa sababu ulijua na hukujali. Nilikuwa napita uani bila salamu, sasa zamu yangu. Gervas akajaribu kunituliza, nikamwambia akae na dada yake. Niliona haki ilipo, na kuiona hakukunisaidia hata kidogo. Jioni wenzangu wakielekea ghalani, mimi nilikuwa najitafutia kazi, nafagia mahali palipofagiwa.

Halafu ile asubuhi. Nafika shambani kwangu na jembe begani, nakuta timu nzima iko kwenye mteremko wangu, majani yamelazwa kwa miraba, wanawake wanachimba ngoro mstari mmoja, wewe mbele na lile goti lako. Ngokela, wifi. Kazi ya pamoja ambayo mwenye shamba ndiye huita watu, ndiye hupika pombe na kuwalisha. Mimi sikuita mtu. Sikupika kitu. Nilisimama pale nimeaibika kama niliyekutwa na wageni nyumba haijafagiwa. Na wewe ulijua unachofanya. Kwetu watu wakishakuchimbia, siku wakikuita huwezi kuwanyima mikono yako, labda uhame kijiji.

"Umenitega," nikakwambia.

"Nimekuchimbia," ukasema, hata kichwa hukuinua. "Kesho njoo ghalani. Utacheza nyuma, GK, umlinde mfungaji wao. Wewe umefunga miaka yote hiyo, unajua mwizi anapendelea dirisha gani."

"Sitaki nyuma."

"Najua hutaki. Shika jembe, jua linapanda."

Nikashika jembe. Mstari wangu ukaangukia kando ya Estela, na makaburi yake ya kuku, ikabidi niwe narudi kuyarekebisha moja baada ya jingine. Kwenye shimo la nne au la tano akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, mimi sikukiomba kile kitambaa." Nikamwambia nyamaza, chimba, udongo unatupwa juu ya majani siyo juu yangu. Lakini kuanzia hapo moyo ulianza kulegea, sitakuficha.

Basi ndipo timu ilipowaka. Ulimtoa mama Berita nyuma, ukampa senta, mwanamke tuliyedhani ni mzito, kumbe alikuwa mzito kwa sababu hakuna aliyempa nafasi ya kukimbia. Ukamwita mke wa mwalimu mkuu, aliyekuwa anaogopa kuharibu kucha. Mimi nikamkaba Estela kila jioni kama kupe. Akihama kushoto niko, akiruka niko, akinicheka usoni niko. Nilimwonyesha hila zote ninazozijua kwa kumzuia asizitumie. Yeye akazidi kupaa, nami nikaanza, bila kutaka, kufurahia kuuona mpira unazimika kwenye vidole vyangu. Watu wakaanza kuja kutazama mlangoni mwa ghala. Wanaume waliotoka kuuza kahawa wakasimama na baiskeli zao. Mama mkwe akaja na kigoda chake, akakaa, akasema amepita tu. Akapita hivyo kila siku.

Mzee Salumu wa duka la vitambaa mjini, yule ambaye wazee wake walitoka Kilwa, naye akasikia. Akatuletea jora la rangi ya chungwa tushone sketi. "Chukueni, mabibi zangu," akasema, "hili limekataa kutoka dukani tangu mwanangu anatambaa. Labda nyinyi mtalitoa." Tulipovaa tulionekana ng'ambo ya kilima.

Sihitaji kukusimulia Mbamba Bay, uliisimulia wewe mpaka tukakusihi upumzike. Ila acha niwaambie wanaosoma. Watu wa kwao Estela walimzomea alipoingia na sketi ya milimani. Mama yake mzazi alisimama kwenye mstari, hajui ashangilie wapi, mikono ameiweka kichwani muda wote. Mtoto akatulia. Mara ya kwanza nilimwona hacheki. Akafunga, akafunga, mchangani pale pale alipokulia, na kila mpira ulipozama alikuwa anamtazama mama yake. Huku nyuma mfungaji wao, mwanamke mzuri wa mchezo, hakupata nafasi ya kupumua. Nilijua atarusha lini kabla hajajua yeye. Tulishinda, wifi. Filimbi ya mwisho ilipolia niliona wanawake wao wawili wanachimbua chini ya nguzo, wanatafuta dawa yetu.

Na wewe uliyekuwa unaogopa maji ulitembea moja kwa moja mpaka ndani ya ziwa na viatu vyako, ukasimama maji yamefika magotini, filimbi shingoni, umetupa mgongo sisi wote. Nilidhani unalia. Nilipokufikia ukaniambia maji ni mazuri kwa goti.

Hapo ndipo wengi wanaishia wanapokusimulia. Mimi naendelea, kwa sababu habari yangu mimi ilikuwa haijaisha. Niliipenda ile nafasi ya nyuma, lakini GS ilikuwa yangu. Mwaka mzima uliofuata nilikuwa naingia ghalani alfajiri kabla ya kwenda shambani, peke yangu, najifunza mrusho wa katikati. Nilianza kama mtoto. Mwisho wa masika nikawa nafunga hata nikiwa na usingizi. Nilidhani ni siri. Lakini funguo zilikuwa zinakaa kwako, na kila alfajiri nilizikuta zimening'inizwa kwenye msumari wa nje, mahali ambapo hukuwahi kuziweka zamani. Hukuniuliza lolote, nami sikukwambia.

Mashindano ya mwaka ule yakaja kwetu. Tulicheka kwa dharau, nani atatufunga nyumbani? Uwanja wa nyuma ya shule ulikuwa umeota majani, mazoezi yote tulikuwa tunafanya ghalani kwa ajili ya mvua, tukaufyeka ile wiki ya mechi. Naye Estela alikuwa mjamzito, tumbo limeshaonekana, na hata bila tumbo nyumbani kwetu hakuwahi kufunga. Hakuna aliyejadili. Ulinijia asubuhi, ukanigeuza mgongo, ukanifunga kile kitambaa cha kijani. Mikono yako ilikuwa na baridi. Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi hivyo, na nimezaa, na nimeolewa.

Mpira wa kwanza ulinifia mbele ya chuma. Wa pili vilevile. Nilijiambia ni wasiwasi. Lakini kufika wa tatu nilijua, wifi, na nilipokutazama niliona nawe unajua. Mikono yangu ilikuwa imenyooka. Zile alfajiri zote ghalani zilikuwa zimenifutia mteremko wangu. Nilikuwa mfungaji wa mahali popote duniani isipokuwa pale. Watu wa ziwani walikuwa wanakosa kama kawaida yao, lakini mama Berita alikuwa ananipa mpira, nami naupoteza, ananipa, naupoteza, mpaka kelele za watu wetu zikageuka kuwa minong'ono. Nilisikia mwanamume mmoja anasema, "Mtoeni huyo mama."

Mapumziko yalipofika, Berita, binti wa mama Berita, alikuwa ameshafungua khanga yake, tayari kuingia. Wote tulijua. Binti yule alikuwa anachunga mbuzi kando ya uwanja ule kila jioni, tangu utoto anarusha matango na maboga kwenye zile pete. Angefunga amefumba macho. Katibu akakufuata, akakuambia umwingize, sikioni lakini kwa sauti ya kusikika. Ukamwitikia kwa kichwa, ukamgeukia Berita, ukamwambia, "Kaa, mwanangu." Kisha ukanijia mimi na kikombe cha maji.

Nikakwambia, "Nitoe."

"Kunywa."

"Wifi, nitoe. Mikono imekataa. Tutafungwa."

"Basi tufungwe," ukasema. Ukapita nyuma yangu, ukafungua zile kamba, kisha ukazifunga tena, kwa nguvu, fundo mara mbili. "Sikutoi."

Kipindi cha pili mpira ulikuwa unapita juu ya pete. Nilipata mabao mawili tu, nadhani kwa huruma ya Mungu. Walitufunga kwa bao moja, nyumbani kwetu, mbele ya mama mkwe na kigoda chake.

Walikusema sana. Katibu hakukusalimia mpaka mavuno. Walisema umezeeka, umependelea ndugu, umechanganyikiwa. Hukujibu hata mmoja. Nilikuwa nangoja uniambie kitu na mimi, hata neno moja, wala hukuniambia, uliendelea kupepeta mahindi yako miaka yote hiyo. Na siku ya mazishi yako, yule msemaji wa ukoo aliposimulia habari zako alisema marehemu alikuwa kocha hodari, alikosea mara moja tu, siku aliyomwacha mama Kastori uwanjani. Watu wakacheka kidogo, kwa mapenzi, kama watu wanavyocheka msibani. Estela alinishika mkono. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa khanga nisije nikasimama.

Sasa nimesimama, nawaambia nyote mliokuwa msibani. Wifi yangu hakukosea. Berita alikuwa amefungua khanga yake, kila mtu alimwona, na yeye alimwona kuliko sisi wote. Alikuwa ameshanivua kitambaa kile mara moja ili tushinde, na ilikuwa haki, nami nilimsamehe. Ila ndiye aliyekuwa akining'inizia funguo. Alijua mikono yangu imepotelea wapi na nilikuwa natafuta nini kila alfajiri. Mara ya pili aliombwa na kijiji kizima anivue, na mimi mwenyewe nikamwomba, akatukatalia sote. Mtu aliyependa ushindi kama yeye, aliyeingia ziwani na viatu. Akachagua kufungwa.

Nilirudi nyumbani siku ile jasho limenikaukia, watu wananikwepa njiani, kitambaa bado kiko kifuani kwa sababu fundo lako lilikataa kufunguka. Gervas alitaka kulikata kwa kisu, nikamkatalia. Nililala nacho. Skola, katika ukoo wenu wote hakuna aliyenipenda kama ulivyonipenda wewe siku hiyo, Gervas akiwemo, naye amesoma barua hii na hajabisha.

Pumzika, dada. Sisi huku tupo.

Ni mimi wifi yako, mfungaji wako,
Kandida